Mali Bila Daftari: Mbinu kwa Meneja Mpya wa Msanii

Mameneja wengi wa wasanii hapa nchini hawakuwahi kuomba kazi hiyo. Mmoja alikuwa na sauti, mwenzake alikuwa na gari la kaka yake na mdomo mwepesi. Ngoma ikaanza kupigwa redioni, simu zikaanza kuingia, na msanii akasema, "Mwanangu, ongea nao wewe, mimi watanipiga." Tangu siku hiyo mtu ni meneja. Mkataba hana, malipo yake hayajulikani, na akiulizwa anafanya kazi gani anajibu, "Namsimamia fulani."

Kama ni wewe, endelea kusoma. Kusimamia ni kazi yenye hatua zinazojulikana, na nyingi kati ya hizo hazihitaji mtaji. Zinahitaji karatasi, kalenda na ujasiri wa kuzungumzia pesa mapema.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia ya pesa ya Bongo Fleva ilikuwa fupi. Msanii alirekodi kwa prodyuza kama Master J au P-Funk, redio ikapiga, albamu ikapelekwa kwa msambazaji Kariakoo, na msanii akapewa pesa ya mkupuo. Meneja wa wakati huo alitakiwa kuwajua watu: mtangazaji, msambazaji, promota. Baadaye kaseti zikafa, CD zikachomwa mitaani, ikaja miito ya simu. Leo wimbo unatoka kwa wakati mmoja kwenye YouTube, Boomplay, Audiomack, Apple Music, TikTok na Spotify, ambayo ilifungua rasmi Tanzania na Kenya Februari 2021. Milango imekuwa mingi, na kila mmoja unaleta kiasi chake kidogo kwa wakati wake. Kuwajua watu bado kunasaidia, lakini hakutoshi tena, kwa sababu pesa ya sasa inamfuata yule ambaye jina lake limeandikwa sawasawa. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Meneja wa leo ndiye mshika daftari.

1. Andikeni mkataba mkiwa bado mnacheka pamoja

Wakati mzuri wa kuandika mkataba ni kabla pesa haijaingia. Ikishaingia, kila mmoja anakumbuka mchango wake kuliko wa mwenzake.

Mkataba wa usimamizi hauhitaji kurasa 30. Unahitaji kujibu maswali haya: meneja anasimamia nini (muziki tu, au na matangazo na filamu pia)? Kwa muda gani? Anachukua asilimia ngapi, na asilimia hiyo inahesabiwa kutoka wapi? Pesa inaingia kwenye akaunti ya nani kwanza? Mkiachana, meneja anaendelea kulipwa kwa kazi alizozianzisha, na kwa muda gani?

Asilimia 15 hadi 20 ni kiwango kilichozoeleka katika nchi nyingi. Ugomvi hauanzii kwenye namba hiyo. Unaanzia kwenye swali la "kutoka wapi". Tuseme msanii amepata shoo Mwanza kwa shilingi 4,000,000. Nauli ni 600,000, wanenguaji wanne 400,000, malazi 250,000, DJ 150,000. Gharama zote 1,400,000. Meneja akichukua asilimia 20 ya jumla, anaondoka na 800,000 na msanii anabaki na 1,800,000. Akichukua asilimia 20 ya kilichobaki baada ya gharama, anapata 520,000 na msanii 2,080,000.

Sasa punguza bei. Shoo ni ya 1,500,000 na gharama ni zilezile 1,400,000. Kwa hesabu ya jumla meneja anachukua 300,000, na msanii aliyetoka jasho jukwaani anarudi Dar es Salaam akidaiwa 200,000. Msanii wa namna hiyo hatakaa na wewe, hata kama hajui hesabu, kwa sababu mfuko wake unajua. Kwa msanii anayechipukia, chukua asilimia ya kilichobaki, na kwa pesa iliyokwisha kupokelewa tu. Ahadi ya promota haina kamisheni.

Muda nao uwe wa busara. Mwaka mmoja au miwili, wenye nafasi ya kuongeza mkielewana, unatosha kwa mnaoanza. Msanii Harmonize alipoondoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili atoke kwenye mkataba. Kila shabiki ana upande wake katika habari hiyo, lakini meneja aisome kwa jicho lingine: mlango wa kutokea huandikwa siku ya kuingia. Andika ni nini kitalipwa, ni nyimbo zipi zitabaki kwa nani, na notisi ni ya siku ngapi.

Na kama msanii hajatimiza miaka 18, usimpe kalamu. Sheria ya mikataba haimtambui mtoto kama mtu mwenye uwezo wa kuingia mkataba. Kaa na mzazi au mlezi wake, na kila mmoja awe na muda wa kuupeleka mkataba kwa mwanasheria.

2. Mgawo wa wimbo usainiwe studio

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ambayo watu wa studio huiita masta. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Kenya waligawa kazi ya kusimamia haki hizo kwa taasisi tofauti, na kwa miaka mingi walikuwa na MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Meneja asiyejua tofauti hii atasaini karatasi inayotoa zote mbili akidhani ametoa moja.

Dawa yake ni karatasi moja inayojazwa kabla watu hawajatoka studio. Chukua mfano wa kawaida: ni usiku, mdundo umetengenezwa na prodyuza, msanii wako ameimba beti mbili, kiitikio kimetungwa na rafiki aliyekuja kusalimia tu, na msanii mwingine ameweka ubeti wa tatu. Wote wamefurahi. Hapohapo toa karatasi na uandike: jina la wimbo, tarehe, studio. Chini yake, kwa utunzi: msanii wako asilimia 40, aliyeweka ubeti wa tatu 20, mwenye kiitikio 15, prodyuza 25. Kwa masta: nani amelipia studio, na kwa hiyo rekodi ni ya nani? Na kama prodyuza hakulipwa taslimu, ana asilimia ngapi ya mapato ya rekodi? Kila mtu aandike jina lake la kwenye kitambulisho, jina lake la kisanii kama anavyotaka lisomeke, namba ya simu, na sahihi. Piga picha, itume kwenye kundi la WhatsApp lenye wote.

Namba hizo ni mfano. Nyinyi mtakubaliana zenu. La muhimu ni kwamba jumla iwe 100 na kwamba yule rafiki wa kiitikio awemo. Ndiye atakayejitokeza wimbo ukishatoboa, na atakuwa na haki.

Mdundo uliopakuliwa mtandaoni uwe wa kuogopwa. Ule ulioandikwa "bure" mara nyingi ni bure kwa mazoezi tu, na huenda mwenyewe ameshawauzia wengine kumi. Wimbo ukianza kushika, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti unaweza kuyaelekeza mapato kwa mtu mwingine kabla hamjaona hata senti. Nunueni leseni na mtunze risiti, au mtafute prodyuza wa mtaani kwenu.

Karatasi hizi ndizo zinazosimama mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni ilikata rufaa, lakini somo lilikuwa limeshafika kwa kila msanii: ili udai kwamba hukutoa ruhusa, lazima kwanza uoneshe kwamba ruhusa ilikuwa yako kuitoa.

3. Sajili jina na kazi

Msanii asajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sababu bila usajili huo vibali vya maonyesho vitakuwa shida. Kazi zake ziandikishwe COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Kwa wa Zanzibar ni COSOZA. Kisheria haki inaanza pale kazi inapokamilika, hata kabla ya kusajili, lakini cheti ni ushahidi rahisi pale ubishi unapotokea. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yalifungua njia ya vyama vya wenye haki kukusanya mirabaha, COSOTA ikibaki msimamizi. Kwa hiyo ukiwa pale uliza msanii wako ajiunge na chama kipi, na ujaze fomu siku hiyohiyo. Kumbuka kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utunzi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Unachokijaza leo huenda kikawalisha wajukuu wake.

Kwenye majukwaa ya mtandaoni usajili una sura nyingine. Kila rekodi hupewa msimbo wa ISRC, wenye herufi na tarakimu 12, na msambazaji wa kidijitali ndiye mara nyingi anayeutoa. Uandike daftarini. Siku mkihama msambazaji, mtautumia uleule, la sivyo wimbo utaonekana mpya na hesabu ya wasikilizaji itaanza sifuri. Jina la msanii nalo liwe na tahajia moja kila mahali. Ukiandika "Dogo K" huku na "Dogo Kay" kule, utamgawa mtu mmoja kuwa wawili, na wote wawili wataonekana wadogo.

4. Akaunti ni mali. Jua nani ana ufunguo

Chaneli ya YouTube yenye nyimbo za miaka mitano ni mali kama kiwanja. Lakini wasanii wengi chaneli zao zilifunguliwa na mpiga video, Instagram ilifunguliwa na mpenzi wa zamani, na akaunti ya msambazaji iko kwenye barua pepe ya prodyuza. Urafiki ukivunjika, kila mmoja anaondoka na kipande cha kazi.

Wiki yako ya kwanza kazini fungua barua pepe moja ya msanii, iliyo mali yake yeye na si yako, na uhamishie huko akaunti zote. Angalia laini ya simu inayopokea namba za kurejesha akaunti: hapa Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo laini ikiwa kwa jina la mtu mwingine, ufunguo ni wa huyo mtu. YouTube inaruhusu kuwapa wasaidizi ruhusa za kufanya kazi kwenye chaneli bila kuwapa nenosiri. Tumia njia hiyo kwa mpiga video na kwako mwenyewe.

Soma pia masharti ya msambazaji. Wengine wanatoza ada kila mwaka na wanaweza kuondoa nyimbo ada isipolipwa. Wengine hawatozi ada ila wanakata asilimia ya mapato. Hakuna njia bora kwa wote. Msanii mwenye nyimbo mbili na wasikilizaji wachache atafaidi asilimia. Mwenye nyimbo 40 zinazosikilizwa apige hesabu ya ada.

5. Toeni wimbo kwa kalenda

Kuachia wimbo usiku kwa sababu msanii amepandwa na mzuka ni kupoteza nusu ya nguvu yake. Pakia wimbo kwa msambazaji wiki nne kabla. Muda huo unakupa nafasi ya kusahihisha makosa ya majina, kuandaa video, kuwagawia maDJ, na kuomba wimbo uwekwe kwenye orodha za nyimbo za majukwaa. Kwa Spotify maombi hayo yafike angalau siku saba kabla ya wimbo kutoka. Ukishatoka, mlango huo umefungwa.

Kalenda ya watu wetu nayo ina sheria zake. Ngoma ya kuruka na kukata viuno haitolewi katikati ya Ramadhani. Inaandaliwa Ramadhani na kuachiwa karibu na Idi, wakati kumbi zimefunguliwa na mapromota wanatafuta majina. Desemba kila mtu mkubwa anatoa, kwa hiyo msanii mdogo anaweza kupumua vizuri zaidi Februari. Mwimbaji wa singeli asisubiri redio. Kipande cha sekunde 20 chenye mtindo wa kuchezeka, kikipelekwa kwa vijana wanaocheza mtaani na kwa maDJ wa shughuli, kinafanya kazi kubwa zaidi.

Kuhusu mapato, mwambie msanii ukweli mapema. Jukwaa la kusikiliza kwa malipo halilipi bei moja kwa kila usikilizaji. Linagawa mfuko, na msikilizaji anayelipia kila mwezi akiwa Uingereza au Marekani huchangia zaidi kuliko anayesikiliza bure Mbagala. Ndiyo maana Watanzania na Wakenya walio nje si mashabiki wa kupuuzwa. Tangu 2024 Spotify haiulipi wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube nayo inaanza kugawa mapato ya matangazo chaneli ikifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au video zake fupi zikitazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Hapo ndipo atakapotokea mtu wa kukuuzia namba. Mkatae. Usikilizaji wa roboti hauji ukumbini, na majukwaa yameanza kuuadhibu: Spotify huwatoza faini wasambazaji kwa nyimbo zenye usikilizaji wa bandia, nao wasambazaji huziondoa nyimbo hizo. Kiki pia ina kikomo chake. Bifu la kutengeneza linaleta macho kwa wiki moja, na kampuni iliyokuwa inafikiria kumpa msanii wako tangazo inarudisha faili kabatini.

6. Shoo: pesa itangulie bango

Kwa wasanii wengi wa hapa, shoo ndiyo chakula. Kwa hiyo kanuni ziwe chache na zisivunjwe.

Usiruhusu picha ya msanii iingie kwenye bango kabla nusu ya malipo haijaingia kwenye akaunti. Promota akishabandika bango, ameshauza tiketi kwa jina la msanii wako, na wewe ndiye unayembembeleza. Nusu nyingine ilipwe msanii akiwa bado hotelini, siyo baada ya shoo, wakati promota anahesabu hasara na mlinzi wa geti hajulikani alipo.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa WhatsApp, yakitaja tarehe, ukumbi, dakika za kuimba, anayelipia usafiri na malazi, aina ya vyombo, idadi ya vipaza sauti, ulinzi, na kitakachotokea shoo ikiahirishwa. Mvua ya Machi haijali ratiba ya mtu.

Mfundishe msanii kuimba na bendi. Shoo za kuweka wimbo na kufuatisha midomo bado zipo, lakini milango mikubwa inazikataa. Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Zanzibar tangu 2004, linataka muziki wa moja kwa moja, na mapromota wa matamasha ya nje huenda pale kutafuta majina. Msanii mwenye nyimbo saba alizozifanyia mazoezi na wapigaji watano anaweza kuomba nafasi huko, hata kama hajawahi kushika namba moja redioni.

Matangazo ya makampuni ni pesa nzuri, lakini soma kifungu cha upekee. Ukisaini ubalozi wa mtandao mmoja wa simu kwa mwaka mzima, mitandao mingine yote imefungwa, pengine pamoja na matamasha inayoyadhamini. Bei ya ubalozi ihesabu na milango inayofungwa.

7. Jua mwisho wa uwezo wako

Diamond Platnumz kwa miaka mingi alifanya kazi na mameneja watatu kwa wakati mmoja: Babu Tale, Sallam SK na Mkubwa Fella. Hata msanii wa ukubwa ule hakutegemea kichwa kimoja. Wewe huwezi kuajiri watu watatu, lakini unaweza kumlipa mwanasheria kwa saa mbili asome mkataba mmoja, na mhasibu kwa siku moja aweke hesabu za mwaka. Mkataba wa lebo au wa ubalozi usisainiwe siku ulipoletwa, hata kama aliyeuleta amekuja na kamera.

Mhasibu huyo atakuambia pia mambo ambayo vijana hawapendi kuyasikia: namba ya mlipakodi TRA, kodi ya zuio inayokatwa kwenye malipo, risiti. Tenga sehemu ya kila malipo kwa ajili ya kodi kabla ya kugawana. Tenga nyingine kwa bima ya afya na akiba ya uzeeni. NSSF hupokea wachangiaji wa hiari, na msanii ni mmoja wao. Tumeshaona mara nyingi mno namba ya simu ya kuchangia matibabu ya mtu aliyewahi kujaza viwanja.

Kila mwisho wa mwezi kaeni chini, wewe na msanii, mfungue daftari: kilichoingia, kilichotoka, nani anadai, mkataba gani unakaribia kuisha. Mwezi usio na pesa kaeni vilevile. Na nakala ya kila kitu, kuanzia karatasi za mgawo na misimbo ya nyimbo hadi vyeti, mikataba na orodha ya akaunti, awe nayo msanii mwenyewe. Mameneja wengi wanaogopa hatua hii, wakidhani msanii akiwa na faili lake lote hatawahitaji tena. Msanii anayeziona hesabu zake kila mwezi hana sababu ya kusikiliza maneno ya pembeni, na akiamua kuondoka, mtaachana kwa mujibu wa karatasi mliyosaini, naye ataendelea kukutumia asilimia yako ya kazi mlizofanya pamoja.